Kisa cha Doria: matandiko matano yaliyoraruliwa na kitanda kilichobaki

Jumatatu moja ya Juni, baridi ya Arusha ikiwa imekolea, mama mmoja wa Njiro aliniletea mbwa wake amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, juu ya khanga iliyokunjwa mara nne. Jike, German Shepherd aliyechanganyika na mbwa wa kienyeji, umri miezi 14, kilo 27 siku ile, jina lake Doria. Alikuwa ametapika siku mbili mfululizo. Mama alishika mfuko mdogo wenye kile alichokitapika: povu la njano, ugali wa dona uliolainika, na vipande vinne vya sponji, kimoja kikubwa kama kiberiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu kala godoro tena."

Hilo "tena" ndilo lililonifanya nifuatilie kisa hiki hadi nyumbani kwao badala ya kutibu tumbo na kuishia hapo. Mbwa akila godoro mara moja, ni ajali. Akila godoro la tatu, kuna jambo ambalo dawa ya kutapika haiwezi kuligusa.

Kwanza tumbo lenyewe, kwa kuwa ndilo linaloua. Sponji haimeng'enywi. Inalowana, inavimba, na ikinasa kwenye utumbo mwembamba inaziba njia. Nilimpapasa Doria kwa muda mrefu: tumbo lilikuwa laini, hakuna donge, hakulalamika. Nikamtundikia dripu, nikamlaza kwa uangalizi, vifaa vya upasuaji vikiwa vimeshachemshwa. Usiku wa pili alitoa vipande vitatu pamoja na kinyesi, na asubuhi tukakuta uzi mweupe unaning'inia nyuma. Kijana anayenisaidia akanyoosha mkono auvute. Nikamzuia, na hapa naomba kila mwenye mbwa anisikilize: uzi unaotoka nyuma ya mbwa hauvutwi. Huenda ncha ya pili imenasa tumboni, au hata chini ya ulimi. Ukiuvuta, utumbo unajikusanya kama kiuno cha kaptura ya kamba, na uzi unaukata kwa ndani. Kata kinachoning'inia, kisha mpeleke kwa daktari. Wa Doria ulitoka wenyewe mchana ule. Alikuwa na bahati, na sikutaka aihitaji bahati hiyo tena.

Ijumaa nikaenda Njiro.

Banda lake lilikuwa zuri kuliko mengi ninayoyaona: mita mbili kwa tatu, bati juu, wavu mbele, mlango wa mbao, sakafu ya saruji iliyopigwa mteremko ili maji yatoke. Ndani hakukuwa na kitu zaidi ya bakuli la maji. Mzee anayelinda nyumba ile alinieleza kwa utulivu kwamba ameshawashauri waache kuhangaika. "Daktari, mbwa ni mbwa. Mwacheni alale chini."

Sikumpuuza, maana mzee huyu anamjua Doria kuliko mtu yeyote pale. Nilimwomba amshike, nikamwonyesha viwiko. Manyoya yalikuwa yameisha, ngozi imekuwa nene na ya kijivu kama kisigino cha mtu anayetembea pekupeku. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimeanza kujaa maji chini ya ngozi, uvimbe laini wa ukubwa wa ndimu. Mbwa mkubwa anayejibwaga kwenye saruji kila siku hupata uvimbe wa namna hii. Ukiachwa unaweza kufanya usaha, na kuuponya ni kazi ndefu. Kinachoutuliza zaidi ni kumpa mahali pa kulala pasipo pagumu. Basi Doria alihitaji tandiko, na kila tandiko alilopewa aliligeuza kuwa hatari kwa tumbo lake. Hilo ndilo fumbo lililokuwa mbele yetu.

Mama alinihesabia. La kwanza lilikuwa godoro la pamba la zamani la watoto. Lilidumu wiki mbili akiwa bado mdogo. La pili kipande cha godoro la sponji: siku tatu. La tatu gunia la katani lililojazwa nyasi. Mama alikulia Tanga, na aliniambia kwamba kwao katani ndiyo kamba, ndiyo gunia, ndiyo zulia la mlangoni, kwa hiyo aliamini hapo mbwa atashindwa. Gunia likafunguka kwenye mdomo uliofumwa kwa sindano, na nyuzi ndefu zikaanza kuonekana kwenye kinyesi. La nne blanketi zito. La tano lilikuwa tandiko la dukani lenye maandishi kwamba halitafuniki, la shilingi 180,000, likiwa na sponji nene ndani ya kitambaa kigumu. Lilidumu siku sita, na sponji yake ndiyo niliyoiona kwenye ule mfuko.

Mama hakuwa amelitupa. Lilikuwa stoo ndani ya kiroba, akikusudia kulirudisha dukani akadai haki yake. Nikaliomba, nikalitandaza uani juani, na nadhani hiyo ndiyo saa yenye manufaa zaidi niliyoitumia kwenye kisa chote.

Kitambaa cha juu kilikuwa kizima. Katikati hapakuwa na tundu hata moja, mikwaruzo tu ya kucha. Lebo ilisema denia 1000. Denia ni kipimo cha uzito wa uzi: mita 9,000 za uzi wa denia 1000 zina uzito wa gramu 1,000. Ni uzi mnene kweli, na Doria hakuuweza. Alichokiweza ni zipu. Kwenye kona moja, pale zipu inapoishia, kulikuwa na ulimi wa kitambaa wa kama sentimita mbili uliojitokeza. Alianzia hapo. Akang'oa kishikio, akafungua meno ya zipu, akaingiza pua, na kutoka hapo sponji ilikuwa mali yake.

Nilipomuuliza mama kuhusu yale mengine, kila moja lilikuwa na habari ileile. Godoro la pamba lilianza kwenye vifundo vya uzi vinavyoshikilia pamba. Sponji ilianza kwenye ukingo uliokatwa kwa kisu. Gunia kwenye mdomo. Blanketi kwenye pindo.

Tazama kinywa cha mbwa utaelewa. Mbwa mzima ana meno 42. Yale madogo ya mbele, sita juu na sita chini, ni kama vidole: hunyofoa, huchokonoa, huvuta uzi mmoja mmoja. Kazi ya kukata inafanywa nyuma, na magego makubwa yanayopishana kama makali ya mkasi. Ndiyo maana mbwa anayetafuna mfupa hulaza kichwa upande mmoja: anaupeleka kwenye mkasi. Lakini mkasi haukati kitu kisichoingia katikati ya makali yake. Shika karatasi iliyovutwa ngoma pande zote, ujaribu kuikata kwa mkasi kuanzia katikati. Huwezi, mpaka upate ukingo au uifinye. Tandiko laini linajifinya lenyewe, na tandiko lenye mshono linatoa ukingo. Kitambaa kikivutwa kikakaza, na kingo zake zote zikafichwa mahali ambapo pua haifiki, meno ya mbele hayana pa kuanzia na magego hayana cha kukata.

Kwa hiyo sikumwambia mama atafute kitambaa kigumu zaidi. Nilimwambia tutafute kitanda kisicho na mwanzo.

Kabla ya kukitengeneza nilitaka kujua saa ya uharibifu, kwa sababu mbwa hutafuna tandiko kwa sababu nyingi na kila sababu ina saa yake. Mwenye viroboto huuma tandiko na kujiuma mwenyewe usiku na mchana. Nilimchana Doria kwa kitana chenye meno ya karibu, nikapata kupe wawili masikioni na hakuna kiroboto. Anayeota meno hutafuna chochote, lakini meno ya utu uzima huwa yameshatoka kufikia miezi saba hivi, na yake yalikuwa kamili. Anayeogopa kuachwa peke yake huanza mara tu watu wanapoondoka, na huambatanisha na kulia, kutokwa mate mengi, na kukwaruza mlango. Nikamwomba mzee aniandikie kwenye daftari lake la lindo, lile analoandika namba za magari yanayoingia, kila anapomwona Doria akitafuna kitu. Tulimpa maboksi matupu, yaliyotolewa pini na gundi ya karatasi, yakae badala ya tandiko kwa wiki moja.

Daftari lilirudi na mistari 11, mwandiko wa kalamu nyekundu, safi kabisa. Tisa kati ya hiyo ilikuwa kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Miwili ilikuwa saa tatu asubuhi. Usiku, hakuna. Na mchana ule wa saa nane mama huwa nyumbani, dada wa kazi yuko jikoni, watoto wanarudi shule. Hakuwa ameachwa peke yake. Mzee aliongeza pembeni, bila kuombwa: "Hutafuna taratibu. Halii."

Ndivyo walivyo mbwa wengi wa ulinzi kwetu. Hufungiwa alfajiri, hufunguliwa magharibi. Doria alikuwa anaingia bandani saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa moja jioni: saa 13 ndani ya mita sita za mraba, akila mara moja tu, jioni. Mbwa wa miezi 14 ana nguvu zake zote na akili inayotafuta kazi. Kufika alasiri, usingizi umeisha, tumbo ni tupu, na kitu pekee bandani kinachobadilika ukikigusa ni tandiko. Sikumlaumu mama. Hivyo ndivyo alivyoelekezwa na kila mtu, kwamba mbwa akizoea watu mchana hatalinda usiku. Siamini hivyo, na nilimwambia.

Kitanda tulikitengeneza kwa fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti. Nilipima Doria akiwa amelala ubavu miguu imenyooka, nikaongeza nafasi ya kujinyoosha: sentimita 110 kwa 75. Fremu ya bomba la chuma la mraba la inchi moja na nusu, pembe zimesuguliwa kwa tupa, ncha za miguu zimezibwa. Kitambaa tulipata kwa mafundi maturubai: kipande cha turubai la lori, lile zito lililopakwa plastiki pande zote mbili, lisilonyonya mkojo na linalooshwa kwa maji na sabuni.

Cha kwanza kilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa langu. Nilikumbuka vitanda vya kamba vya pwani, jinsi vinavyoweza kukazwa upya kila vinapolegea, nikamwambia fundi atoboe turubai pembezoni, atie vijicho vya chuma, kisha alifunge kwa kamba ya nailoni kwa chini. Miguu tukaiweka sentimita 20 ili hewa ipite. Kilikuwa kinapendeza. Siku ya tatu mzee akanipigia simu: Doria amelala chini ya kitanda, chali, anakata kamba moja baada ya nyingine kama anayefumua kikapu. Nilikuwa nimeficha ukingo juu nikauacha chini, na nikampa urefu wa kutosha kuingia.

Tulimlipa fundi mara ya pili, nusu yake kutoka mfukoni mwangu. Safari hii miguu ilikatwa ikabaki sentimita 10, pasipoingia kichwa. Turubai lilizungushwa fremu hadi chini, ukingo ukakunjwa mara mbili, ukabanwa kwa kipande cha chuma bapa kinachokimbia pande zote nne, bolti zikipita kila baada ya sentimita 8 na nati zikiwa upande wa ndani. Fundi na kijana wake walilivuta kwa koleo, mmoja huku mwingine kule, mpaka ukiligonga kwa kidole linalia. Kona ndizo zilizotusumbua zaidi, maana turubai likikunjwa kwenye kona linafanya sikio. Tulizikata, tukazikunja ndani kama mtu anavyofunga zawadi, tukaweka bolti mbili kila kona. Vifaa na ufundi wote wa mara ya pili ulikuwa shilingi 95,000.

Kitanda cha turubai kina udhaifu mmoja ambao watu wa Dar es Salaam hawataujua: baridi. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai hewa inayopita chini ya mbwa inamchukulia joto lote. Mama alitaka kuongeza blanketi. Nikakataa, na tukabishana kidogo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anamwona anatetemeka. Tulikubaliana kukiweka kwenye kona isiyo na upepo, kuziba nafasi ya chini kwa mbao pande mbili, na kumwaga maranda juu, kiasi cha debe moja. Maranda yatoke kwa seremala anayefanya kazi na mbao ambazo hazijapakwa dawa ya mchwa. Hilo liulizwe kwanza. Mbwa akichimba maranda, hakuna uzi, hakuna sponji. Yanakusanywa kwa fagio kila Jumamosi, mapya yanamwagwa.

Ratiba nayo ilibadilika. Kabla ya kuingia bandani alfajiri, mzee anamtembeza dakika 40 kwa kamba, na mama anamwongezea mzee posho kwa kazi hiyo. Chakula kimegawanywa: theluthi moja asubuhi, kilichobaki jioni. Na saa saba na nusu mchana, kabla ya ile saa mbaya, anapewa kitu halali cha kutafuna.

Kitu hicho kilinipa furaha ya peke yake. Miaka ya 1970 kule Colorado, Marekani, Joe Markham alikuwa na German Shepherd aliyestaafu kazi ya polisi, jina lake Fritz, aliyekuwa anajiharibu meno kwa kutafuna mawe. Akiwa anatengeneza gari lake la Volkswagen, Markham akawa anamtupia vipuri ili aache mawe, na Fritz akang'ang'ania kipande kimoja cha mpira. Umbo lile ndilo lililozaa kidude cha mpira chenye tundu kinachoitwa Kong. Doria nilimtafutia kile cheusi, kigumu kuliko chekundu. Watoto hukijaza ugali wa dona na dagaa, hukilaza kwenye friza usiku kucha, na siku inayofuata humchukua Doria karibu saa nzima kukimaliza. Wengine huwapa mbwa bushi za gari kuukuu. Siungi mkono, kwa sababu ya grisi na chuma cha ndani. Vipande vya tairi navyo nawakataza wateja wangu, kwa kuwa vina nyaya. Mifupa tuliitumia mara moja moja, mibichi ya goti yenye gegedu, isiyopikwa, na huondolewa ikibaki midogo ya kumezeka.

Wiki ya kwanza alikwaruza kitanda kwa kucha, akizunguka kama mbwa wote wanavyozunguka kabla ya kulala, na nikahofia kona. Tukamkata kucha. Alijaribu meno ya mbele katikati ya turubai. Alama zake zipo hadi leo, vidoti viwili viwili. Wiki ya tatu daftari halikuwa na mstari wowote wa kitanda. Wiki ya kumi manyoya yalianza kurudi viwikoni, na ule uvimbe wa ndimu ukawa umekauka. Uzito ukafika kilo 31.

Desemba mzee akaenda likizo kwao Singida, wiki mbili. Mlinzi wa muda alikuwa kijana mwema lakini aliogopa mbwa, na matembezi yakasimama. Siku ya tano mama akanipigia: "Daktari, kaanza tena." Nilifika nikitarajia kuona turubai limepasuka. Kitanda kilikuwa kizima, kimekaza vilevile. Doria alikuwa ameshughulikia mlango. Ubao wa chini ulikuwa umeliwa kiasi cha kupitisha ngumi, kuanzia pale mbao mbili zinapokutana.

Fundi wa mageti, aliyekuja kutazama, alishauri mlango uvishwe bati. Mama alisimama pale akiutazama kwa muda, kisha akamwita mjukuu wake wa kidato cha tatu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, akamuuliza kama anaweza kuamka saa kumi na moja alfajiri. Kijana akasema anaweza, kama atapewa viatu. Walianza kesho yake, yeye na Doria, hadi Krismasi, na mlango ukabadilishwa ubao mmoja.

Mzee aliporudi kutoka Singida alikuta daftari lake linaandikwa na mtu mwingine, kwa penseli: tarehe, saa ya kutoka, saa ya kurudi, na umbali walioufika.

"Huyu mjukuu," aliniambia, "anaandika vizuri. Lakini mwambie atumie kalamu."